Friji, Hita na Soketi Mbili: Kisa cha Chumba Kimoja cha Hosteli Dar es Salaam

Mpwa wangu alishuka kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, saa mbili na nusu usiku, wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa. Alikuwa ametoka Njombe alfajiri, na pamoja na mabegi yake mawili alikuja na boksi lililofungwa kwa kamba ya katani, zito kiasi kwamba utingo aliyelitoa kwenye buti aliuliza kama ndani mna mawe. Mlikuwa na pasi, jagi la umeme, hita ya kuchemshia maji ya kuoga na jiko la wali, lile ambalo wengi tunaliita raisi kuka, na kila kimoja kilikuwa kimeviringishiwa kipande cha kanga ili visigongane njiani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umehamisha duka la nani?"

Alicheka kwa uchovu, kisha akanieleza kwamba boksi ni nusu tu ya mzigo. Kwenye pochi alikuwa na shilingi 700,000 ambazo mama yake, yaani dada yangu mkubwa, alimkabidhi kwa maelekezo mafupi: mjomba wako ni fundi umeme na anaijua Kariakoo, akupeleke ukanunue friji dogo, na zikibaki, televisheni. Kwa hiyo nilikabidhiwa uamuzi ambao ulikuwa umekwisha kufanywa kilomita mia kadhaa kutoka kwenye chumba chenyewe, na watu ambao hawajakiona chumba hicho, na kazi yangu ilitakiwa iwe kubeba tu. Siku sita zilizofuata tuliufumua uamuzi huo mshono kwa mshono. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila mwaka, vyuo vinapokaribia kufunguliwa, huulizwa swali lilelile na ndugu na majirani, kwamba mtoto anayekwenda hosteli anunuliwe vifaa gani vya umeme, nami huwa sina jibu la sentensi moja.

Orodha mbili

Orodha ya kwanza ilikuwa ya dada yangu. Hakuiandika popote, lakini ilisomeka wazi ndani ya boksi: kila kifaa mle kilikuwa cha kuzalisha joto. Hilo halikunishangaza, kwa kuwa mtu aliyelelea watoto Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai majani huweza kuamka yamefunikwa na sakitu, yaani umande ulioganda, hawezi kuyawaza maisha ya ugenini bila kuyawaza kwanza maji ya moto. Alimfungashia binti yake kinga dhidi ya baridi ya nyumbani, akampeleka nayo kwenye mji ambao kuanzia Novemba hadi Machi watu hulala madirisha wazi na shuka limetupwa miguuni.

Orodha ya pili ilikuwa kwenye simu ya binti mwenyewe. Alikuwa ameipata kwenye intaneti, nayo iliandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani: friji dogo, maikrowevu, mashine ya kahawa, printa, kikaushio cha nywele, kinga ya umeme. Ni orodha nzuri kwa chumba cha huko. Huko umeme wa majumbani ni volti 120 na mzunguko wa hezi 60, ilhali sisi ni volti 230 na hezi 50, tena plagi zetu ni zile za pini tatu bapa za mtindo wa Uingereza. Hili halikuwa jambo la nadharia, kwa sababu ndani ya begi lake mlikuwa na pasi ya kunyooshea nywele aliyotumiwa na shangazi yake aliyeko Marekani, na kibandiko chake kilisema volti 120 peke yake. Kifaa cha aina hiyo, kisicho na chochote cha kupunguza umeme, kikichomekwa kwenye volti 230 huvuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya kile kilichotengenezewa, nacho hufa ndani ya muda mfupi, kikiwa na bahati ya kufa bila moto. Chaja ya simu aliyoipata kwenye kifurushi hichohicho ilikuwa imeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo hiyo ilihitaji adapta ya plagi tu. Nilimfundisha kusoma maandishi hayo madogo kwa tochi ya simu, na baada ya hapo hakuniuliza tena kuhusu kifaa chochote bila kwanza kukigeuza tumbo juu.

Jambo lililonifurahisha katika orodha hiyo ya Marekani ni kwamba mwishoni mwake kulikuwa na vitu ambavyo vyuo vingi vya huko havivitaki mabwenini, na kilichotangulia ni kifaa chochote chenye koili ya moto iliyo wazi. Hita ya dada yangu, ambayo bomba lake la moto halifunikwi na chochote, ingeangukia humohumo.

Chumba chenyewe

Siku ya tatu alipangiwa chumba, nami nikaomba ruhusa kwa wadeni, yaani msimamizi wa hosteli, niingie mchana kukikagua. Kilikuwa ghorofa ya tatu, cha watu wanne, chenye vitanda viwili vya ghorofa, meza mbili, makabati manne membamba na dirisha moja lenye nondo na wavu wa mbu uliotoboka pembeni. Kwenye dari kulikuwa na ndoano ya feni bila feni, na nyaya mbili zilizofungwa kwa selotepu nyeusi iliyokwisha kukauka. Nyuma ya mlango palibandikwa kanuni: hakuna kupika wala kuchemsha chochote chumbani, pasi hupigwa kwenye chumba maalumu kilichopo chini, na vifaa vikubwa viandikishwe ofisini.

Soketi zilikuwa mbili, kila moja na matundu mawili. Ya karibu na dirisha ilikuwa nzima. Ya karibu na mlango ilikuwa na doa la hudhurungi kuzunguka tundu la kulia, na plastiki yake ilikuwa imelegea kidogo kama mshumaa uliowekwa juani. Doa la namna hiyo halitokani na uchafu. Maana yake ni kwamba mtu fulani, mwaka fulani, aliacha kitu chenye njaa kubwa ya umeme kikiwa kimechomekwa hapo kwa muda mrefu, na vibao vya shaba vya ndani vikapata joto hadi vikapoteza ukakamavu wa kuibana pini. Plagi ikikaa kwa kulegea hupiga cheche, na cheche huongeza joto. Nilimwambia mpwa wangu kwamba tundu lile alihesabu kuwa halipo mpaka libadilishwe, akaliripoti ofisini siku ileile.

Kisha nikatafuta breka. Fundi wa zamu wa pale, mtu mkarimu aliyenitambua haraka kuwa ni wa kazi moja naye, alinifungulia boksi la koridoni. Breka moja ya ampea 32 ilikuwa inalisha soketi za vyumba vinne. Hesabu yake ni nyepesi: ampea 32 mara volti 230 ni wati 7,360, na ukizigawa kwa haki kwa vyumba vinne, kila chumba kinapata wati 1,840. Jagi la umeme alilokuja nalo mpwa wangu lilikuwa la wati 2,000. Kwa maneno mengine, haki yote ya watu wanne haikutosha kuchemsha jagi moja la chai.

Watu wengi wakisikia hivyo husema kwamba kama umeme ukizidi breka itakata, basi kuna hatari gani? Breka haikati papo hapo kwa ziada ndogo. Ziada kidogo huiachia kwa muda mrefu, na katika muda huo waya ulio ndani ya ukuta huendelea kupata joto, jioni baada ya jioni, saa zilezile ambazo koridoni kote watu wanachemsha maji. Breka zinazoruka mara kwa mara hosteli huonekana kama kero ya mafundi wavivu, lakini mara nyingi zinafanya kazi yake.

Nikaipindua hesabu upande wa pili, nao ndio ulioamua mambo. Je, watu wanne wanaosoma wanahitaji umeme kiasi gani? Kompyuta mpakato nne kwa chaja za wati 65 ni wati 260. Simu nne zikichajiwa kwa pamoja tuseme ni wati 100, feni mbili za kawaida wati 100, na taa nne ndogo za mezani za LED hazizidi 40. Jumla ni wati 500. Chumba kizima kinaweza kusoma, kuchaji na kupepewa kwa robo ya nguvu ya jagi moja. Tangu hapo sikuuliza tena kama kifaa ni kizuri au kibaya. Niliuliza kama kinazalisha joto, kwa kuwa kila kinachochemsha, kinachokaanga au kinachonyoosha kwa kawaida kinaishi katika daraja la mamia hadi maelfu ya wati, na vingine vingi vinaishi katika daraja la makumi.

Hita

Nilimpigia dada simu usiku huohuo. Baada ya salamu, ambazo kwake hazifupishwi hata kama nyumba inaungua, nikaanza na hita kwa sababu niliona ndiyo iliyo rahisi. Nilikosea. Kwa dada hita ilikuwa ndiyo alama ya kwamba mtoto hajatupwa.

"Mdogo wangu, mtoto ataoga maji ya baridi saa kumi na moja asubuhi?"

Sikumjibu kwa kanuni za chuo, kwa sababu mzazi akiambiwa kanuni hutafuta njia ya kuzizunguka. Nilimweleza namna kifaa chenyewe kinavyoua. Hita ya ndoo ni koili ndani ya bomba la chuma, na kinachoutenga umeme na maji ni unga mkavu mweupe uliojazwa ndani ya bomba hilo. Mtu akiisahau maji yakakauka, au akaiwasha kabla ya kuitumbukiza, bomba hupata ufa mdogo usioonekana, na kuanzia hapo kila ndoo ni maji yenye umeme. Ndoo ni ya plastiki, kwa hiyo umeme hauna pa kwenda, unasubiri. Anayeutoa humo ni msichana aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, anayechovya vidole kuona kama yamepata moto. Hita nyingi za bei ndogo zina plagi ya pini mbili tu, bila waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na hiyo ya dada ilikuwa hivyo.

Alinyamaza kidogo, akasema basi niitupe. Sikuitupa. Niliikata waya kwa koleo kabla ya kuiweka kwenye takataka, kwa sababu Dar es Salaam kitu kizima hakikai kwenye takataka hadi asubuhi.

Jagi na raisi kuka vilipita haraka zaidi. Hivi si vifaa vibovu, na vyote viwili vipo jikoni kwangu Tabata hadi leo, lakini chumba kile hakikuwa na nafasi yake wala ruhusa yake. Kuna wanaosema kwamba wanafunzi wote wanavyo na huvificha chini ya kitanda siku ya ukaguzi. Ni kweli, na ndiyo maana soketi ya mlangoni ilikuwa na doa. Raisi kuka iliyofichwa chini ya kitanda ingali na moto karibu na godoro la sponji ni kitu ambacho mimi, kwa miaka 19 ya kazi hii, ningependa kutokifikiria usiku.

Friji, au kompyuta

Kuhusu friji dada alikuwa na hoja, na sitaki kuidharau. Alisema mtoto atanunua matunda na maziwa, atahifadhi chakula cha jioni, na hatakula hovyo. Lakini hoja hiyo ilichukulia kwamba mtoto anapika. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kupika hula kafeteria au kwa mama lishe aliye nje ya geti, hula sahani nzima, na hana kiporo cha kuhifadhi. Friji katika chumba kama hicho huishia kuwa friji la maji ya watu wa koridoni nzima, huku mlango ukifunguliwa kila baada ya dakika tano.

Umeme wake si mwingi, wati 80 hivi mashine inapozunguka, kwa hiyo kwa kipimo changu cha joto lingepita. Lililonikwaza ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi: friji halifuti joto, hulihamisha. Joto lote linalotoka kwenye chupa za maji, pamoja na lile la mashine yenyewe, hutolewa kwa nyuma na kubaki chumbani, na chumba hiki kilikuwa na watu wanne na ndoano ya feni isiyo na feni. Ongeza hapo suala la umeme kukatika. Tangu mitambo tisa ya bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ianze kuingia kwenye gridi mwaka 2024, mgao wa ratiba tuliouzoea umepungua sana, lakini umeme wa mtaani bado hukatika kwa matengenezo ya laini, transfoma kuzidiwa au mti kuangukia nyaya, na unaporudi hurudi kwa kishindo. Friji bila kifaa cha kulichelewesha kuwaka linapigwa na kishindo hicho mara kwa mara, na kifaa hicho ni gharama nyingine. Halafu likizo ikifika lazima litolewe, lipakiwe kwenye bajaji, na kama limelazwa njiani lisimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Hata hivyo hoja zote hizo hazikuwa na uzito wa jambo moja nililoligundua kwa bahati, tukiwa tunakunywa chai. Nilimuuliza kompyuta yake iko wapi. Hakuwa nayo. Alikuja kusoma uhasibu, na mpango wa familia ulikuwa kwamba atatumia simu kwanza, kisha bumu, yaani fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, likitoka wataona. Dada alikuwa amempa binti yake fedha za kupozea soda, na binti alikuwa anakwenda kujifunza mizania na majedwali ya hesabu kwenye kioo cha inchi sita. Haikuwa uzembe. Friji ni kitu ambacho mzazi anakiona na anajua kinafanya nini, ilhali kompyuta, kwa mzazi wa kizazi chetu, bado inafanana na anasa ya kuangalizia filamu.

Nilipompigia tena dada, sikumshauri aache friji. Nilimwambia kwamba fedha zilizopo zinatosha kitu kimoja kati ya hivyo viwili, nikamwomba binti mwenyewe ashike simu aeleze mwalimu wa kozi ya kwanza atawataka wafanye nini. Waliongea dakika kumi. Friji halikutajwa tena.

Kariakoo

Kabla ya kununua tulifanya kitu kimoja kidogo ambacho naona ndicho kilichookoa fedha nyingi kuliko vyote. Mpwa wangu alipata namba za wenzake watatu wa chumba kutoka kwenye orodha ya ofisi, akaunda kikundi cha WhatsApp, akauliza kila mmoja anakuja na nini. Aliyetoka Mwanza alikuwa na pasi. Aliyetoka Tanga alikuwa na feni ya kusimama. Wa tatu kwao ni Temeke, na akasema atakuja na sabufa, jambo ambalo watatu waliobaki walilikataa kwa adabu. Pasi ya Njombe ikabaki kwangu.

Kompyuta tuliinunua Mtaa wa Aggrey kwa 470,000, iliyotumika. Hapa niliangalia vitu vitatu tu. Kwanza, prosesa ya Intel isiwe chini ya kizazi cha nane, kwa kuwa Windows 11 haizikubali rasmi zile za nyuma yake, na Windows 10 ilikwisha kuondolewa kwenye masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2025, hivyo kompyuta nyingi za bei ya kuvutia zinazopangwa mezani ni zile ambazo wenye ofisi za ng'ambo wanazitoa kwa sababu hiyo. Pili, gigabaiti 8 za kumbukumbu na diski ya SSD. Tatu, betri. Muuzaji alitaka kutuonyesha ikiwa kwenye chaja, nikaomba aichomoe na tuiache ikicheza video wakati tunakwenda kula. Tuliporudi baada ya dakika arobaini ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 96 hadi 71, nikaridhika.

Eksitensheni ndiyo iliyochukua muda wangu mwingi, na mpwa wangu alianza kuona aibu. Ya kwanza tuliyoshikishwa ilikuwa ya matundu sita kwa shilingi 8,000. Niliomba bisibisi, nikafungua plagi mbele ya muuzaji. Hapakuwa na fyuzi, kile kipande kinachoungua na kukata umeme ukizidi, bali kipande cha bati mahali pake. Waya wa ethi ulikuwepo kwa nje tu. Ndani uliishia hewani, haukufungwa popote. Nilikwaruza ncha ya waya kwa kisu, rangi ya shaba ikabanduka, chini yake pakang'aa weupe wa alumini. Unene wake haukuzidi milimita za mraba 0.75, ambao hata ungekuwa shaba tupu ungebeba takriban ampea 6, yaani chini ya wati 1,400, ingawa kwenye boksi paliandikwa ampea 13 kwa herufi nyekundu. Kijana wa duka hakubisha. Alisema, "Fundi, hiyo ni ya chaja za simu," akaingia nyuma akaleta nyingine ya 28,000 yenye waya mnene, fyuzi ya kweli, swichi kwa kila tundu na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Hiyo tukaichukua.

Kwa giza na joto tulinunua feni ndogo ya kuchaji kwa 75,000, ambayo umeme ukikatika huendelea kwa saa kadhaa kwenye kasi ya chini, na taa ya mezani ya 15,000. Pawabenki ya 20,000 mAh ilitugharimu 45,000, nami nilimweleza mapema asitarajie miujiza: namba hiyo ni sawa na wati-saa 74, na baada ya kile kinachopotea njiani atachaji simu yake mara mbili na nusu hadi tatu. Za shilingi 15,000 zinazodai 50,000 mAh tulizipita bila kusimama. Jumla ilikuwa 633,000. Iliyobaki aliiweka kwa ajili ya vocha na nauli.

Nilichokosea

Mwezi wa Januari, Jumapili moja ya joto kali, nilikwenda kumsalimia nikiwa na machungwa. Chumba kilikuwa na watu sita, kwa sababu wawili walikuwa wamebebwa, kama wanafunzi wanavyoita pale mwenye kitanda anapomhifadhi aliyekosa. Hesabu yangu ya watu wanne ilikuwa imekwisha kufa. Eksitensheni yetu nzuri ilikuwa katikati ya sakafu, matundu yote sita yamejaa, na tundu la mwisho lilikuwa na jagi la umeme la mmoja wa waliobebwa.

Nilipoinua plagi ukutani ilikuwa ya moto. Nikaifungua. Fyuzi ya ampea 13 haikuwepo, na mahali pake palikuwa na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, iliyokunjwa mara nne na kubanwa vizuri, kazi ya mtu mwenye mikono mitulivu. Mpwa wangu alieleza kwamba fyuzi ilikuwa imeungua wiki mbili nyuma, usiku ambapo jagi na raisi kuka ya chumba cha jirani vilichomekwa humo kwa pamoja, na kijana mmoja wa ghorofa ya pili akaja "kuitengeneza."

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa. Nilimpa chumba kile kifaa bora kuliko vyote vilivyokuwemo, chenye matundu sita, nikadhani nimempa usalama, kumbe nilikuwa nimewapa watu sita sababu ya kuchomeka. Ningenunua ya matundu matatu. Ningemwekea fyuzi ya ampea 5, ambayo huruhusu wati 1,150, zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya kusoma ya watu wanne, ilhali jagi la wati 2,000 huizidi kwa mbali. Pia ningemwachia fyuzi mbili za akiba, shilingi mia chache kila moja, kwa sababu mtu huweka karatasi ya sigara pale tu anapokuwa hana fyuzi na ana mtihani kesho.

Nilifanya hivyo siku ileile. Niliziba matundu matatu kwa selotepu, nikaweka fyuzi ya ampea 5, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito juu yake: HAICHEMSHI. Wasichana walicheka. Mwenye jagi, ambaye hakuwa na haki ya kitanda sembuse ya soketi, aliuliza bila hasira sasa watakunywa wapi chai, na swali lake lilikuwa la haki, kwa maana kafeteria hufungwa mapema na usiku wa kusoma ni mrefu. Tulikubaliana wanunue chupa ya chai ya lita tatu kwa mchango, waijaze maji ya moto kwa mama lishe wa getini kabla hajafunga. Mara ya mwisho nilipouliza, mama huyo alikuwa akiwatoza 500 kwa kujaza, na chupa ilikuwa inafika hadi saa sita usiku ikiwa bado na mvuke.

Dada bado hupiga simu kuulizia maji ya kuoga. Mpwa wangu alimweleza hatimaye kwamba matanki ya hosteli yako juu ya paa, juani, na kwamba tangu Desemba kama mtu anataka maji ya baridi inabidi aamke saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ikifika saa nane mchana bomba linatoa maji ambayo huwezi kuyashikia mkono.